Asha Si Tumaini: Tathmini ya Programu ya Simu ya Majina ya Watoto wa Kike

Mdogo wangu, ambaye ameolewa Mwanza, alinipigia simu akiwa na ujauzito wa miezi saba kuniomba nimtafutie jina la mtoto wa kike. Kwa kuwa nimefundisha Kiswahili kwa zaidi ya miaka 20, aliona kwamba kazi hiyo ingenichukua jioni moja tu. Ugumu ulikuwa kwamba mumewe ni Mjaluo wa Rorya na sisi ni watu wa Tanga, hivyo jina lilitakiwa lipokewe bila manung'uniko na bibi wa pande zote mbili, ambao kila mmoja ana msimamo wake kuhusu namna mtoto anavyostahili kuitwa. Badala ya kumjibu papo hapo, nilipakua programu moja ya simu inayojitangaza kuwa ni kamusi ya majina ya kike ya dunia nzima, nikaitumia kwa miezi miwili, wa kwanza bila malipo na wa pili kwa kulipia. Sitaitaja, kwa sababu nilijaribu nyingine mbili za aina hiyohiyo nikakuta maelezo yanayofanana neno kwa neno, makosa yakiwemo, na kuilaumu moja peke yake kusingekuwa haki.

Kwa mwonekano haina tatizo kubwa. Kila jina lina ukurasa wake unaoonyesha maana, asili, matamshi na majina yanayokaribiana nalo, na maandishi ni makubwa ya kutosha mtu wa umri wangu kuyasoma bila miwani. Menyu zake zipo kwa Kiswahili, ingawa ni Kiswahili cha mashine kinachomwita mtoto mchanga "mtoto wa msichana" na kumtaka mtumiaji "aokoe jina hili", kana kwamba jina limezama, mahali palipotakiwa kuandikwa "hifadhi". Toleo la bure limejaa matangazo ya nepi na maziwa ya unga. Toleo la kulipia, kwa shilingi 6,000 kwa mwezi, linaondoa matangazo hayo na kufungua sehemu inayoitwa "maana ya kina", pamoja na uwezo wa kutafuta jina kwa kuanzia kwenye maana yake.

Kila ninapopata kamusi mpya huipima kwanza kwa maneno ninayoyajua, basi jina la kwanza kuandika lilikuwa Asha. Jibu lilikuja mara moja: maana yake ni tumaini, na asili yake ni Kihindi na Kiswahili. Ni kweli kwamba nchini India Asha ni tumaini, kutokana na neno la Kisanskriti, na ndilo jina la Asha Bhosle, mwimbaji mashuhuri wa filamu za Kihindi. Asha wa Tanga, wa Unguja au wa Ujiji ni mwingine kabisa. Jina lake ni Aisha, jina la mke wa Mtume Muhammad, lililofupishwa na ndimi za pwani, na shina lake la Kiarabu ni lilelile lililotupatia kitenzi kuishi na nomino maisha. Maana yake ni mwanamke aliye hai. Mswahili anayetamka Asha na maisha kwa kufuatanisha husikia undugu wao hata kama hajafungua kitabu chochote, na katika sehemu nyingine za pwani ya kaskazini, ambako jina hilohilo hutamkwa Esha, undugu huo haupotei. Mkusanyaji wa kamusi hii alikuta sauti mbili zinazofanana, akazifanya jina moja, kisha akachagua maana iliyompendeza na kuwagawia watu wote.

Baada ya hapo nilianza kuwinda majina ya namna hiyo, na lililonifurahisha zaidi ni Ngozi. Programu inasema ni baraka, na asili yake ni "Afrika". Kwa Waigbo wa Nigeria hilo ni sahihi kabisa, na mwenye jina hilo anayejulikana zaidi duniani leo ni Ngozi Okonjo-Iweala, ambaye mwaka 2021 alikuwa mwanamke wa kwanza na Mwafrika wa kwanza kuliongoza Shirika la Biashara Duniani. Lakini ukivuka kwenda kwa Washona wa Zimbabwe, ngozi ni roho ya mtu aliyedhulumiwa au kuuawa inayorudi kudai haki yake kwa ukoo wa mkosaji, jambo ambalo hakuna mzazi angependa mwanawe aitwe. Kwetu sisi ngozi ni hii tunayoipaka mafuta. Mzazi wa Kitanzania anayeongozwa na programu kumwita bintiye Ngozi kwa sababu "ni baraka kwa Kiafrika" atakuwa amemwandalia mtoto miaka migumu ya shule ya msingi.

Neno hilo "Afrika" katika nafasi ya asili ndilo lililonikera kuliko mengine yote, kwa maana halitumiki kwa bahati mbaya bali limewekwa kwenye mamia ya majina. Majina ya Ulaya yamepewa lugha zao: Kigiriki, Kilatini, Kijerumani, hata Kiwelisi. Majina yetu yamewekwa katika kapu moja, ilhali kinachoyafanya yaeleweke ni lugha yenyewe. Chukua Yaa, ambalo programu inalieleza kwa maneno mawili tu, "mwanamke shujaa". Bila shaka mwandishi alikuwa anamfikiria Yaa Asantewaa, malkia mama wa Ejisu aliyeongoza vita dhidi ya Waingereza mwaka 1900 katika nchi ambayo leo ni Ghana. Lakini Yaa halina habari ya ushujaa; kwa Waakan ni jina la msichana aliyezaliwa Alhamisi, kama vile Afua alivyo wa Ijumaa, Ama wa Jumamosi na Akosua wa Jumapili. Wahausa nao wana Lami kwa Alhamisi na Jummai kwa Ijumaa. Sisi tuna Mwanahamisi na Mwajuma. Shangazi yeyote wa pwani angeelewa desturi hii kwa sekunde moja kama angeelezwa hivyo, naye angejua kwamba Yaa wa Kumasi na Mwanahamisi wa Pangani wamepewa jina kwa sababu moja.

Na kuhusu Mwanahamisi, programu inatafsiri "mtoto wa Alhamisi", ambayo ni tafsiri ya mtu aliyefungua kamusi akaona mwana ni mtoto, akaifunga. Katika Kiswahili cha kaskazini, hasa Lamu na Pate, Mwana ni neno la heshima linalotangulia jina la mwanamke muungwana, ndiyo maana mshairi mkubwa wa karne ya 19 wa Pate anajulikana kama Mwana Kupona. Mwanaisha, Mwanahawa, Mwanaidi na Mwanakombo yote yana heshima hiyo ndani yake. Kuyatafsiri kwa "mtoto wa" ni kuwavua kanga mabibi zetu.

Hata hivyo sikuifuta programu, na sababu ni ile sehemu ya kutafuta kwa maana, ambayo ni nzuri kuliko nilivyotarajia. Niliandika "mvua" nikaletewa Akoth la Wajaluo, Nyambura la Wakikuyu na Nomvula la Wazulu, pamoja na mengine ya mbali. Yatazame hayo mawili ya mwisho, kisha sema neno letu mvua kwa sauti: mbura, mvula, mvua. Ni neno moja lililosafiri na watu wa lugha za Kibantu kutoka Mlima Kenya hadi Natal, likibadilisha konsonanti njiani. Akoth halimo katika familia hiyo, kwa kuwa Kijaluo ni lugha ya Kinailoti na mvua yake ni koth, lakini desturi ya kumkumbuka mtoto kwa hali ya hewa ya siku aliyozaliwa imevuka mpaka wa lugha. Programu haisemi lolote kati ya haya. Imeweka tu majina hayo kwenye kioo kimoja, na kwa mtu anayependa maneno hilo peke yake lilitosha kunikosesha usingizi usiku wa kwanza.

Niliandika "uhai". Likaja Hawa, ambalo katika Kiebrania linahusishwa na kuishi. Likafuata Zoe, ambalo ni neno la Kigiriki la uhai, na wanaojua historia ya Biblia watakumbuka kwamba waliotafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kigiriki walipofika mahali Adamu anapompa mkewe jina walimwita Zoe, ili maana isipotee. Asha wetu alistahili kuwa wa tatu katika safu hiyo, akiwa dada wa kweli wa Hawa na Zoe kwa maana, lakini yeye alikuwa amefungiwa kwenye chumba cha tumaini pamoja na Wahindi.

Niliandika "lulu" nikapata Margareta, kutoka Kigiriki margarites, neno ambalo Wagiriki nao walilichukua mashariki, upande wa Uajemi. Kutoka Margareta tunapata Greta, Margot na Rita. Hilo la mwisho Watanzania tunalijua zaidi kama kifupisho cha wakala anayetoa vyeti vya kuzaliwa, na nimefundisha wasichana wengi walioitwa Rita ambao hakuna hata mmoja aliyejua kwamba yeye na Lulu aliyeketi dawati la nyuma ni wa maana moja. Lulu wetu, bila shaka, ametoka Kiarabu. Programu imemchanganya na Lulu wa Wazungu, ambaye mara nyingi ni mkato wa Louise au Lucy na hana chaza wala bahari.

Jaribio lililonipa raha zaidi lilikuwa la maneno matatu ambayo kila kanisa la Tanzania lina wasichana wanaoitwa kwayo: Imani, Tumaini na Upendo. Programu iliniletea Vera, Nadezhda na Lyubov, yaani imani, tumaini na upendo kwa Kirusi. Hayo si maneno yaliyookotwa mmojammoja. Katika mapokeo ya Kanisa la Kiorthodoksi hao ni ndugu watatu wafiadini, na mama yao ni Sofia, yaani hekima. Hukumbukwa pamoja tarehe 30 Septemba. Warusi walitafsiri majina ya Kigiriki ili yaeleweke kwa lugha yao, kama Waswahili Wakristo walivyofanya, wakati mataifa mengi ya Ulaya yalibaki na majina yasiyoeleweka tena kwa wanaoyabeba. Mama wa Kirusi anayemwita Nadezhda aje kula anasikia neno tumaini kinywani mwake, sawa na mama wa Iringa anayemwita Tumaini. Upande wa mashariki ya Kongo, Kivu hasa, mtoto huyohuyo wa tatu angeitwa Mapendo, na jirani zake wangekuwa Faida, Riziki na Furaha. Majina haya ya Kiswahili cha Kongo programu haina hata moja isipokuwa Furaha.

Sehemu hii ya kutafuta kwa maana ina udhaifu mmoja ambao mtumiaji anapaswa kuujua. Inakusanya majina kwa neno moja bila kujali sababu iliyomfanya mzazi alitumie neno hilo. Niliandika "usiku" nikapewa Chausiku, Atieno na Laila. Chausiku na Atieno ni taarifa ya saa: mtoto alizaliwa usiku, basi. Wajaluo wameigawa siku nzima kwa namna hiyo, ambapo Akinyi ni wa asubuhi, Achieng' ni wa jua kali, Adhiambo ni wa jioni. Laila linatokana na neno la usiku kwa Kiarabu, lakini hakuna anayeulizwa saa aliyozaliwa Laila. Watu wamelipenda kwa sababu ya mapenzi ya Qays na Layla yaliyoimbwa na washairi wa Kiarabu na Kiajemi kwa karne nyingi. Vivyo hivyo Yuki la Wajapani. Programu inasema ni theluji, na yaweza kuwa theluji, lakini Wajapani huchagua herufi za kuandikia jina, na likiandikwa kwa herufi nyingine sauti ileile huwa ni heri au furaha. Kuuliza Yuki maana yake nini bila kuona limeandikwaje ni sawa na kuuliza bei ya mzigo uliofungwa.

Nilidhani majina ya Ulaya yangekuwa salama zaidi, kwa kuwa ndiko walikotoka watengenezaji wengi wa kamusi hizi. Si hivyo. Vanessa wameliandika kuwa ni "kipepeo" kwa Kigiriki. Ukweli ni kwamba jina hilo halikuwepo kabla ya Jonathan Swift, mwandishi wa Ireland, kulibuni mwanzoni mwa karne ya 18 kwa ajili ya rafiki yake Esther Vanhomrigh, akichukua silabi ya kwanza ya jina la ukoo na kuiunganisha na mkato wa Esther. Vipepeo walifuata baadaye, pale mtaalamu wa wadudu Fabricius alipoliita kundi moja la vipepeo kwa jina hilo mwaka 1807. Kipepeo ndiye aliyemrithi msichana. Julia nalo limeandikwa "kijana", na hakuna neno hata moja kwamba katika Roma ya kale binti hakuwa akichaguliwa jina. Aliitwa kwa jina la ukoo wa baba yake katika umbo la kike, hivyo kila binti wa ukoo wa Julius alikuwa Julia, na wakizaliwa wengi walitofautishwa kwa Mkubwa, Mdogo, au Tertia, ambaye ndiye Tatu wetu wa Zanzibar na Bagamoyo.

Nikiri kwamba ukurasa wa Mariamu umeandikwa na mtu mwingine, au walau siku nyingine. Unasema wazi kwamba wataalamu hawajaafikiana, kwamba wapo wanaolihusisha na uchungu, wapo wanaolihusisha na uasi na wapo wanaolirudisha kwenye neno la Kimisri la kupendwa. Unaeleza hata habari ya Mtakatifu Jerome aliyelifasiri kuwa ni tone la bahari, stilla maris, na jinsi tone hilo lilivyokuja kuwa stella, nyota, hadi leo Bikira Maria akaitwa Nyota ya Bahari. Kama kurasa zote zingeandikwa kwa uangalifu huo, ningelipa shilingi 6,000 kwa mwaka mzima bila kinyongo.

Kuna kundi la majina ambalo limeandikwa "asili: Kiswahili" na ambalo msomaji wa huku atashangaa kulikuta, kama Zuri na Nia. Sijawahi kufundisha msichana aliyeitwa Zuri. Kwetu hilo ni shina la kivumishi linalongoja kiambishi, mzuri, kizuri, vizuri. Lakini programu hapa haikukosea kama nilivyodhani mwanzoni. Wamarekani weusi walichukua maneno ya Kiswahili na kuyafanya majina ya mabinti zao, hasa baada ya Maulana Karenga kuanzisha sikukuu ya Kwanzaa mwaka 1966 na kuzipa siku zake saba majina kama Umoja, Nia na Imani. Zuri ni jina halali la watoto wa Chicago na Atlanta, lenye historia yake na uchungu wake, na wala halihitaji kibali cha mwalimu wa sarufi wa Tanga. Kilichokosekana ni sentensi moja ya kueleza hayo, ili mzazi wa Morogoro asidhani kwamba analichukua jina la mababu zake.

Jambo ambalo sikuweza kulisamehe ni maneno ya utangulizi yanayodai kwamba "kila jina la msichana lina maana nzuri". Nilitafuta Sikitu, Tabu, Shida, Sikujua, Siwema. Hakuna hata moja. Haya ni majina ya mama na mabibi zetu, na mengi yalitolewa kwa busara: mtoto aliyezaliwa baada ya wenzake kufariki aliitwa Sikitu ili mauti imdharau na kumpita. Wayoruba wana Malomo, yaani usiondoke tena, kwa sababu hiyohiyo. Mwimbaji aliyezaliwa Fumba, Unguja, na kuitwa Mtumwa binti Saad, ndiye dunia iliyekuja kumjua kama Siti binti Saad, Siti likiwa ni neno la Kiarabu la kumheshimu mwanamke. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri kwa jina hilo la heshima. Programu ina Siti, haina Mtumwa, na hivyo haina safari iliyopo kati ya majina hayo mawili, ambayo kwangu ndiyo maana ya jina.

Wapo pia waliopewa majina yasiyokuwa na busara yoyote nyuma yake. Katika Maharashtra, India, wasichana wengi waliitwa Nakusa, yaani asiyetakiwa, kwa sababu wazazi walikuwa wakingoja mtoto wa kiume. Mwaka 2011 katika wilaya ya Satara zaidi ya wasichana 200 walikusanywa katika sherehe moja wakachagua majina mapya. Nchini China kuna Zhaodi, jina linalomtaka msichana aite mdogo wa kiume aje. Mtu anaweza kusema kwamba mama mjamzito hahitaji kusoma mambo haya usiku akiwa kitandani. Sawa, lakini basi isiitwe kamusi, iitwe orodha ya majina mazuri, na hapo sitakuwa na ugomvi nayo.

Na yapo majina ambayo maana yake haimo katika neno lenyewe hata kidogo. Kwa Wakikuyu, kwa desturi, binti wa kwanza huitwa kwa jina la mama wa baba yake na wa pili kwa jina la mama wa mama yake, kwa hiyo ukimuuliza Wanjiku jina lako lina maana gani, jibu la kweli ni bibi yake. Buganda majina mengi ni mali ya ukoo, na anayelisikia jina hujua mwenye nalo ni wa ukoo gani. Rwanda ni kinyume chake, ambapo kila mtoto anaweza kupewa jina lake mwenyewe la Kinyarwanda lisilofanana na la nduguye, mmoja akawa Uwimana, wa Mungu, na mwingine Uwamahoro, wa amani. Programu haina mahali pa kuandika kwamba jina limerithiwa. Ina "maana" na "asili", na ukiviacha wazi haikubali kuhifadhi.

Kwa upande wa matamshi sina mengi. Sauti ni ya mashine na inatamka Ng'endo kama vile mtu amekwama na mfupa. Sauti ya ng' imeishinda kabisa, na mkazo unaangukia silabi isiyo yake katika majina mengi ya Kiswahili, jambo la ajabu kwa kuwa mkazo wetu hauna siri: ni silabi ya pili kutoka mwisho. Zimeni sauti hiyo mapema.

Mtoto alizaliwa salama siku ya Jumanne jioni, na mjadala wote wa miezi miwili ukaisha kwa dakika kumi. Upande wa Rorya haukuhitaji programu. Aliyezaliwa jioni ni Adhiambo. Upande wetu, mama alisema angependa kusikia jina la mama yake likiitwa tena ndani ya nyumba, nasi tukakubali, kwa hiyo mtoto ni Zuhura Adhiambo. Nikiwa kwenye basi la kwenda Mwanza kumwona niliandika Zuhura kwenye simu, nikaelezwa kwamba ni "ua". Ua kwa Kiarabu ni zahra. Zuhura ni ile sayari ing'aayo, ambayo watu wa mashua na wakulima wa pwani wameitazama siku zote, na neno hilo lipo katika vitabu vya shule. Shemeji yangu, ambaye ni fundi wa injini za boti na hana habari na etimolojia, nilipomweleza alicheka, akasema kwamba basi binti yake ameitwa nyota ya jioni mara mbili, kwa lugha mbili.

Kwa nyota tano ninaipa mbili, na zote mbili ni za sehemu ya kutafuta kwa maana. Anayetaka kuitumia nashauri alipie mwezi mmoja tu, aandike mawazo yake, mvua, amani, alfajiri, subira, anakili yale majina yanayomgusa, kisha ampelekee mtu anayeijua lugha husika kabla ya kwenda kuandikisha cheti. Kusitisha malipo kunahitaji uvumilivu, kwa kuwa kitufe chake hakimo ndani ya programu yenyewe. Inabidi kwenda kwenye akaunti ya duka la programu la simu, sehemu ya usajili, na kuyasitisha huko. Mimi niliyasitisha mwezi uliopita, na bado kila asubuhi naletewa ujumbe unaoniuliza kama nimekwisha kuokoa jina.